Lord Delamere: Kabaila aliyefunzwa na kutu ya ngano

JINA la Lord Delamere halijafutika katika Bonde la Ufa, ijapokuwa mwenyewe aliaga dunia mwaka wa 1931. Msafiri wa barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru bado hukutana nalo, na katika nyanda za Njoro, Molo na Kuresoi historia ya mashamba makubwa haiwezi kusimuliwa bila yeye kutajwa.

Wapo wanaomkumbuka kama kiongozi wa walowezi aliyetaka milima ya Kenya iwe ya Wazungu peke yao. Wapo wanaomkumbuka kwa ukubwa wa ardhi aliyopewa na serikali ya kikoloni. Yote mawili ni kweli. Lakini ipo sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa sana, nayo ndiyo inayomgusa zaidi mkulima wa leo. Kabaila huyo aliyekuwa na uwezo wa kuwatikisa magavana alishindwa na kuvu ndogo kiasi kwamba chembe yake moja haionekani kwa macho.

Kushindwa huko kulimlazimu kujifunza kanuni ambayo wanasayansi huiita uteuzi asilia. Kanuni hiyo husema kwamba viumbe wa jamii moja hawalingani, na kwamba maradhi, njaa, baridi na ukame huwapepeta kama nafaka katika ungo. Wanaostahimili huzaa na kurithisha ustahimilivu wao, nao wengine hupotea. Delamere aliilipia elimu hiyo kwa kondoo, ng'ombe, ngano na fedha zake karibu zote.

Kijana wa kasri

Hugh Cholmondeley alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870 katika ukoo wa kitajiri wenye kasri la Vale Royal, katika jimbo la Cheshire nchini Uingereza. Ilikuwa miaka 11 tangu Charles Darwin achapishe kitabu chake kuhusu asili ya spishi, na mjadala ulikuwa bado moto kote Ulaya. Kijana huyo alisomeshwa katika shule ya Eton. Mwaka wa 1887, akiwa na umri wa miaka 17, alirithi cheo cha babake na kuwa Baroni Delamere wa tatu.

Urithi huo ulimpa fedha na uhuru wa kutembea. Kuanzia mwaka wa 1891 alifunga safari kadhaa za kwenda nchi ya Wasomali kuwinda simba. Katika mojawapo ya safari hizo simba alimrukia na kumjeruhi vibaya mguuni. Aliokolewa na mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemvamia mnyama huyo kwa mikono mitupu. Delamere alipona, lakini alichechemea hadi mwisho wa maisha yake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1896 alianza safari ndefu zaidi kutoka Berbera akiwa na msafara wa ngamia. Baada ya miezi mingi ya kuvuka jangwa, mnamo 1897 msafara huo ulipanda kutoka nchi kavu ya kaskazini na kuingia katika nyanda za juu za Kenya. Mbele yake palitokeza majani mabichi, mito isiyokauka na hewa baridi kama ya kwao. Kuanzia hapo, hamu ya kuirudia nchi hiyo haikumtoka moyoni.

Alirudi Uingereza, na mwaka wa 1899 akamwoa Lady Florence Cole, binti wa mkuu wa ukoo wa Enniskillen wa Ireland. Mwaka wa 1903 aliamua kuwa mlowezi. Serikali ilimkatalia sehemu alizoomba kwanza. Hatimaye ilimkodishia ekari 100,000 huko Njoro kwa muda wa miaka 99. Shamba hilo, lililo karibu hektari 40,000, aliliita Equator Ranch kwa kuwa halikuwa mbali na mstari wa ikweta. Bwana na bibi waliozoea kasri wakaanza maisha mapya katika vibanda vya udongo na nyasi.

Kondoo walioangamia

Delamere alianza kwa mifugo. Aliagiza kondoo aina ya Merino kutoka New Zealand, wanaosifika duniani kwa sufi yao laini. Aliagiza pia ng'ombe wa gredi kutoka ng'ambo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nyasi zipo, maji yapo, baridi ipo, kwa hivyo mifugo ya Ulaya itanawiri.

Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro moja. Wamaasai, waliokuwa wamefuga katika bonde hilo kwa vizazi vingi, walikuwa na desturi ya kuepuka kulisha katika sehemu fulani za Njoro. Mgeni aliona majani marefu yasiyoliwa akadhani ni bahati yake. Ukweli ni kwamba udongo wa hapo ulikuwa na upungufu wa madini, na mnyama aliyekula majani yake mfululizo alidhoofika hata tumbo likiwa limejaa. Kondoo wa kigeni walikufa kwa wingi. Waliosalia walikonda. Ng'ombe nao walipatwa na homa ya mapafu na maradhi yaletwayo na kupe.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hata hivyo, katika hasara hiyo Delamere aliona jambo. Maradhi yaliyowaua wanyama wake hayakuwaua wa wenyeji kwa kiwango kilekile. Ng'ombe wadogo wenye nundu na kondoo wekundu wa Kimaasai, ambao Wazungu wengi waliwadharau, walikuwa bado wamesimama.

Sababu yake haikuwa miujiza. Kwa mamia ya miaka kupe, minyoo na ukame vilikuwa vimewachuja wanyama hao kila msimu. Aliyezaliwa na udhaifu hakufikia umri wa kuzaa. Aliyezaliwa na nguvu kidogo kuliko wenzake aliacha watoto, na watoto hao wakarithi nguvu hizo. Wafugaji nao walisaidia uchujaji huo kwa kuchagua fahali na kondoo dume waliotoka kwa mama waliovumilia miaka mibaya.

Utafiti wa miongo ya karibuni umethibitisha hekima hiyo. Kondoo mwekundu wa Kimaasai akilinganishwa na Dorper katika mazingira yenye minyoo mingi ya tumboni, hustahimili zaidi na wengi wa wanakondoo wake huishi. Dorper humzidi kwa ukubwa wa mwili, lakini ukubwa huo ni faida pale tu mnyama anapoishi hadi kuuzwa.

Delamere alihamisha mifugo iliyobaki hadi Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, penye malisho bora. Huko alishikilia mbinu ya kupandisha majike wa Kimaasai kwa kondoo dume wa kigeni, kizazi baada ya kizazi. Damu ya mama ilileta uvumilivu na damu ya baba ikaleta sufi. Polepole makundi yake yakaanza kuleta faida. Hatua hiyo ilikuwa ushindi wake wa kwanza, na msingi wake ulikuwa kondoo wa wenyeji.

Ekari 1,200 za ngano

Kabla mifugo haijamrudishia fedha, Delamere aligeukia ngano. Udongo wa Njoro ulioua kondoo ulionekana kuifaa nafaka hiyo. Reli ilipita karibu, na mji wa Nairobi uliokuwa ukikua ulihitaji mkate. Alifyeka majani, akalima na kupanda. Kufikia mwaka wa 1909 alikuwa ametumia karibu fedha zake zote, na tumaini lake kubwa lilikuwa shamba la ngano la ekari 1,200.

Ngano ilichipua vizuri na kurefuka. Kisha vipele vidogo vyenye rangi ya kutu vikaanza kutokeza kwenye majani na mashina. Vipele vilipasuka na kutoa vumbi. Mtu aliyepita katikati ya shamba alitoka na nguo zilizopakaa rangi hiyo. Masuke yaliyopaswa kujaa yakabaki na punje zilizosinyaa, na mavuno yakapotea.

Ugonjwa huo ni kutu ya ngano, na chanzo chake ni kuvu inayoishi ndani ya mmea na kunyonya chakula chake. Kipele kimoja hutoa maelfu ya vijimbegu. Upepo huvibeba vijimbegu hivyo mbali sana, hata kuvuka mipaka ya nchi. Kimoja kikitua kwenye jani lenye umande huota, hupenya ndani, na baada ya takriban wiki mbili kipele kipya hupasuka. Msimu mmoja wa ngano hutosha vizazi kadhaa vya kuvu hiyo.

Nyanda za Mau na Bonde la Ufa ziliifaa kuvu hiyo kuliko alivyodhani mlowezi yeyote. Huko Ulaya majira ya baridi kali huua mimea shambani na kuipunguza kuvu kila mwaka. Hapa hakuna theluji ya kuikatiza. Aidha, misimu hutofautiana kwa urefu wa ardhi. Ngano ya chini inapokaribia kuvunwa, ile ya miinuko ya juu kama Kuresoi huwa bado kijani. Kwa hivyo kuvu haikosi mahali pa kulala na kula mwaka mzima.

Delamere angeweza kuacha. Walowezi wengine walikata tamaa. Yeye alikopa fedha zaidi na kufanya jambo ambalo serikali yenyewe haikuwa imelifanya kwa ngano: alimwajiri mtaalamu wa mimea, G.W. Evans, kwa gharama yake, na kumjengea maabara papo hapo shambani Njoro.

Kupepeta mbegu

Kazi ya Evans ilianzia kwenye jambo ambalo mkulima makini huliona lakini huenda asilitilie maanani. Katika shamba lililoangamizwa na kutu, si kila shina hufa. Hapa na pale, katikati ya maelfu ya mashina yaliyokauka, huonekana moja ambalo limebaki kijani. Mara nyingine ni bahati ya kuvu kutolifikia. Mara nyingine ni tofauti ya kuzaliwa.

Tofauti hizo ndizo mtaji wa uteuzi. Watoto wa mama mmoja hawafanani sura wala kimo, na mimea vilevile hutofautiana hata ikiwa ya jamii moja. Mmoja ana shina gumu, mwingine huwahi kukomaa, mwingine ana chembe za urithi, yaani jeni, zinazoutambua uvamizi wa kuvu na kuufunga mlango. Pasipo na tofauti, hakuna cha kuchagua, na adui akimpata mmoja amewapata wote.

Wakati huo elimu ya urithi ilikuwa changa. Kazi ya Gregor Mendel kuhusu njegere, iliyochapishwa mwaka wa 1866, ilikuwa imesahaulika hadi mwaka wa 1900. Mnamo 1905 Rowland Biffen wa Cambridge alionyesha kwamba ustahimilivu wa ngano dhidi ya kutu ya manjano hurithiwa kwa kanuni hizohizo. Nchini Australia, William Farrer alikuwa ametumia miaka mingi kuzalisha ngano inayofaa nchi kavu na yenye kutu. Maabara ya Njoro ilifuata nyayo hizo.

Mbegu zilitolewa nchi mbalimbali, zikiwemo Australia, Italia na Misri, zikapandwa kandokando. Baadhi zilikuwa na mavuno mengi lakini zikaliwa na kutu. Nyingine zilistahimili kutu lakini punje zake hazikufaa kwa unga. Lengo likawa kuunganisha sifa hizo.

Kwa kuwa suke la ngano hujichavusha lenyewe, mtaalamu hulazimika kuondoa kwa mkono sehemu za kiume za ua kabla hazijakomaa, kisha kulipaka chavua ya aina nyingine. Punje zinazopatikana hupandwa. Katika kizazi cha pili sifa za mababu hutawanyika kwa namna nyingi, na hapo ndipo kupepeta huanza. Mimea yenye kutu hutupwa. Iliyo safi huhifadhiwa, hupandwa tena na kupepetwa tena, mwaka hadi mwaka.

Katika kazi hiyo binadamu na maumbile hugawana majukumu. Maumbile huleta tofauti na kuleta kutu. Binadamu huamua ni tofauti zipi zibebwe hadi msimu ujao. Darwin mwenyewe aliielewa nguvu ya maumbile kwa kuchunguza jinsi wafugaji wa njiwa na mifugo walivyochagua mbegu, kisha akauliza iwapo dunia nayo haifanyi vivyo hivyo bila mtu yeyote kushika ungo.

Kutokana na jitihada hizo ngano ilipata makao Njoro. Delamere pia alihusika kuanzisha kampuni ya kusaga nafaka ya Unga Limited, ili mkulima awe na mahali pa kuuza. Waliomfuata walilima kwa mbegu na maarifa yaliyotokana na hasara yake.

Mizani yenye pande mbili

Kumsimulia Delamere kwa upande huu pekee ni kumpamba. Ardhi aliyoifanyia majaribio ilikuwa na wenyewe. Kwa mkataba wa mwaka wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho ya Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi, wakapelekwa Laikipia na kusini. Kwa mkataba wa 1911 waliondolewa tena Laikipia. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka wa 1913.

Delamere aliwapenda Wamaasai, akajifunza lugha yao, akawaajiri kuchunga mifugo yake na kuketi nao usiku kwa mazungumzo. Mapenzi hayo hayakumzuia kuwa kinara wa siasa iliyowapokonya ardhi. Kuanzia mwaka wa 1907 aliketi katika baraza la kutunga sheria, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa sauti kubwa ya walowezi. Mwaka wa 1923 alikwenda London katika ujumbe wa kupinga madai ya Wahindi ya haki sawa nchini Kenya. Serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulizwa, ingawa kwa vitendo milima iliendelea kuwa ya Wazungu.

Ipo tanzia katika hilo. Mtu aliyejionea kwamba kondoo wa kienyeji ndiye aliyemwokoa, na kwamba mfugaji asiyejua kusoma alifahamu udongo wa Njoro kumliko, hakuikubali maana yake kamili. Maarifa aliyatumia, lakini wenye maarifa hakuwapa nafasi kwenye meza ya uamuzi.

Enzi hizo wapo waliotumia jina la uteuzi asilia kuhalalisha utawala wa kabila moja juu ya jingine. Elimu yenyewe haisemi hivyo. Kiumbe hakuwi bora kila mahali na kila wakati. Huwa amelingana na mahali alipo kwa wakati alio nao. Merino aliyekuwa fahari ya New Zealand alikuwa mzoga Njoro. Hakuna ushahidi uliokuwa karibu zaidi na mlango wa Delamere kuliko huo.

Kuvu nayo huchaguliwa

Mkewe Florence alifariki mwaka wa 1914. Delamere alioa tena mwaka wa 1928, akamwoa Gwladys Markham. Mwaka wa 1925 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha ushirika cha maziwa, Kenya Co-operative Creameries, kilichojulikana baadaye kote nchini kama KCC. Aliaga dunia tarehe 13 Novemba 1931 akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha ardhi, mifugo na madeni makubwa kwa benki. Sanamu yake ilisimamishwa Nairobi katika barabara iliyoitwa Delamere Avenue. Baada ya uhuru wa 1963 barabara hiyo ikawa Kenyatta Avenue, nayo sanamu ikahamishiwa Soysambu.

Kazi ya mbegu haikufa naye. Mwaka wa 1927, alipokuwa angali hai, serikali ilikuwa imeanzisha kituo cha kuzalisha mbegu Njoro. Katika kituo hicho watafiti waligundua sura ya pili ya kanuni ileile, nayo ni chungu zaidi: kuvu pia huchaguliwa.

Vijimbegu vya kutu ni vingi mno, na miongoni mwake hutokea mabadiliko madogo ya jeni kwa nasibu. Mengi hayana faida. Lakini mkulima anapopanda ngano yenye kinga moja katika eneo zima, vijimbegu vyote vinavyozuiwa na kinga hiyo hufa. Kikitokea kimoja chenye ufunguo wa kufuli hiyo, hakina mshindani. Kila jani ni lake. Katika misimu michache wazao wake hujaa nchini, na mbegu iliyosifiwa jana hutupwa leo. Mkulima hudhani mbegu imechoka au muuzaji amemlaghai. Mbegu haijabadilika. Adui ndiye aliyebadilika.

Ndiyo maana Njoro imelazimika kutoa aina mpya za ngano kila baada ya miaka. Baadhi ya aina za Kenya zilisafiri mbali. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa Marekani Norman Borlaug, akifanya kazi Mexico, alizitumia kupata kinga dhidi ya kutu ya shina. Ngano ya Kenya ilichanganywa na ile ya Kiitalia iitwayo Mentana, na aina iliyopatikana ikapewa jina la Kentana. Borlaug alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1970 kwa mchango wake katika kupambana na njaa. Kinga iliyosaidia kumfikisha huko ilipitia katika mashamba ya Kenya.

Baadaye dunia ilijisahau. Ngano nyingi katika mabara mbalimbali ziliegemea jeni moja ya kinga iitwayo Sr31, iliyotoka kwa nafaka ya rai. Kwa miongo kadhaa jeni hiyo haikushindwa. Mwaka wa 1998 nchini Uganda ilionekana ngano yenye Sr31 ikiwa imejaa kutu ya shina. Aina hiyo mpya ya kuvu ikaitwa Ug99. Ilienea Kenya na Ethiopia, kisha ikavuka Bahari ya Shamu na kuonekana Yemen mwaka wa 2006 na Iran mwaka wa 2007.

Mnamo 2005 Borlaug, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kuihadharisha dunia. Njoro ikawa uwanja wa majaribio wa kimataifa. Maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa hapo makusudi ili zikutane na kutu kali kuliko zote. Nyingi huanguka. Chache hubaki kijani, nazo ndizo huwa wazazi wa mbegu za kesho.

Hata hapo kuvu haikungoja. Mwaka wa 2006 nchini Kenya iligunduliwa aina yake iliyokwisha kuishinda kinga nyingine, Sr24. Wakulima waliokuwa wamepanda aina ya ngano iitwayo Mwamba, iliyotegemea kinga hiyo, walipata pigo mwaka wa 2007. Tangu wakati huo watafiti hupendelea kujumuisha jeni kadhaa katika mbegu moja, zikiwemo zile zisizofunga mlango kabisa bali hupunguza mwendo wa ugonjwa. Kuvu ikipata ufunguo mmoja, hukuta kufuli nyingine.

Somo kwa Kuresoi

Kutoka Njoro, ardhi hupanda kuelekea magharibi kupitia Elburgon na Molo hadi Kuresoi, Keringet na Olenguruone kwenye mabega ya Mau. Mashamba mengi ya walowezi yamegawanywa. Ekari chache za familia zimechukua mahali pa maelfu ya ekari za bwana mmoja, na kando ya ngano kuna viazi, mahindi, chai na ng'ombe wa maziwa. Lakini baridi na ukungu ni vilevile, na kanuni iliyomfilisi Delamere haijahama.

Mkulima anayeweka akiba ya mbegu ileile kwa misimu mingi, na jirani zake wote wakafanya hivyo, huiandalia kuvu karamu. Anayepanda viazi vya aina moja tu kwa sababu soko limevizoea yumo katika hatari hiyohiyo, kwa kuwa ukungu unaokausha majani ya viazi nao hubadilika. Anayenyunyizia dawa moja daima huchuja wadudu na kuvu mpaka wabaki wale wasiotishwa nayo. Anayemtupa ng'ombe wa kienyeji kabisa kwa ajili ya lita za maziwa hupoteza uvumilivu uliokusanywa kwa karne nyingi, ambao hakuna duka linalouuza.

Delamere alikuwa na kasri la kuweka rehani alipopata hasara. Angeweza kukosa mavuno ya ekari 1,200, akakopa na kuanza upya. Mwenye ekari mbili Kuresoi hana kasri. Msimu mmoja wa kutu kwake ni karo ya watoto, ni deni la mbolea, na pengine ni shamba lenyewe. Ndiyo maana kituo cha utafiti, chenye vijishamba vyake vya majaribio na wataalamu wanaotembea mstari hadi mstari wakihesabu vipele, si anasa ya wasomi. Kazi yake ni kuwahi kabla kuvu haijawahi.

Kati ya mambo yote aliyoyaacha Lord Delamere, heshima yake ya ubwana imepita, siasa yake imekataliwa na sanamu yake imeondoka barabarani. Kilichodumu ni ile desturi aliyoianzisha kwa kulazimishwa na hasara: kupanda aina nyingi pamoja, kuacha ugonjwa uzipime, na kuhifadhi zilizosimama. Wafugaji aliowakuta bondeni walikuwa wakiifanya desturi hiyo kwa mifugo yao zamani sana kabla yeye hajazaliwa.